John Akii-Bua: Bingwa wa Viunzi na Maisha Baada ya Medali

Wasifu ni habari za maisha ya mtu zinazoandikwa na mtu mwingine. Watahiniwa wengi wanapoandika wasifu wa mtu mashuhuri huorodhesha ushindi wake, kisha hurukia tarehe ya kifo. Miaka iliyo katikati, ambayo mara nyingi ndiyo inayoonyesha mtu alikuwa nani, huachwa. Wasifu ufuatao unahusu mwanariadha aliyepata sifa kubwa kuliko mwanamichezo yeyote wa nchi yake kwa wakati wake, kisha akaishi miaka 25 baada ya siku hiyo ya sifa. Usome kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma katika Wilaya ya Chunya hahitaji kuelezwa dhahabu ni nini. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika kutoka kila upande. Migodi mikubwa kama Saza ilipofungwa, mji ulipoa, na waliobaki walilazimika kutafuta namna nyingine ya kuishi. Kwa hiyo wazee wa Chunya wanajua jambo moja vizuri: kupata dhahabu ni kazi, lakini kuishi baada ya dhahabu ni kazi nyingine.

Medali ya dhahabu ya Olimpiki nayo ina fundisho kama hilo. Tangu baada ya michezo ya mwaka 1912, medali hiyo si dhahabu tupu. Ni fedha iliyopakwa dhahabu kidogo tu juu yake. Mchimbaji akiipima kwenye mizani yake, hataona utajiri. Thamani yake iko katika kile anachokifanya mtu ili aipate, na katika namna nchi yake inavyomtazama baada ya kuipata. John Akii-Bua wa Uganda aliipata mwaka 1972.

Kuzaliwa na malezi

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika eneo la Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Wakati huo Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa chifu, mtu mwenye cheo, mifugo na wake wengi. Inahesabiwa kwamba watoto wa mzee huyo walifikia 43. John alikulia katika boma kubwa, miongoni mwa kaka na dada wengi, akichunga ng'ombe na kushindana nao kwa mbio kama watoto wa wafugaji wanavyofanya kila mahali.

Riadha haikuwa kitu kigeni katika ukoo huo. Kaka yake mmoja, Lawrence Ogwang, alishiriki michezo ya kuruka katika Olimpiki ya Melbourne, Australia, mwaka 1956. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kupeleka wanamichezo Olimpiki.

Baba yao alifariki John akiwa bado kijana mdogo. Boma lililokuwa likitegemea mtu mmoja lilibaki bila nguzo, na masomo yake yakakatika. Kwa muda alifanya kazi kwa ndugu yake, kisha akaondoka kwenda kutafuta maisha. Kama vijana wengi wa kaskazini wakati huo, aliyapata kwa kuvaa sare ya serikali: alijiunga na Jeshi la Polisi la Uganda.

Askari polisi anayekimbia

Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960, mwanariadha hakuwa na klabu ya kumlipa wala mfadhili wa kumvisha. Kanuni za Olimpiki zenyewe zilidai mshiriki awe mtu wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa kucheza. Aliyetaka kukimbia na pia kula alihitaji mwajiri atakayempa muda wa mazoezi. Waajiri hao walikuwa jeshi, polisi na magereza. Ndiyo maana majina mengi makubwa ya riadha katika ukanda huu yalitanguliwa na vyeo vya kiaskari. Kwa Akii-Bua, polisi ilikuwa mshahara, kiwanja cha mazoezi na kocha kwa pamoja.

Kocha wake wa kwanza alikuwa polisi mwenzake, Jorem Ochana, aliyepata kuwa mkimbiaji hodari wa viunzi barani Afrika. Ochana alikuwa mkali. Ili kumfundisha kijana huyo kuruka kiunzi bila kuinua mwili kupita kiasi, aliweka ufito juu ya kiunzi, na Akii-Bua alitakiwa kupita katikati, chini ya ufito na juu ya kiunzi. Akiinua kichwa, aligonga ufito. Akishusha mguu, aligonga kiunzi. Alitoka damu mara nyingi, na kovu la mazoezi hayo lilibaki kwenye paji la uso wake.

Mwaka 1968 aliwasili Uganda Mwingereza aliyeitwa Malcolm Arnold kuwa kocha wa riadha wa taifa. Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi. Arnold alimtazama na kuona kwamba kijana huyu ana mwendo mrefu, pumzi na ustahimilivu ambao mbio hizo fupi hazikuutumia wote. Akamshawishi ahamie mita 400 kuruka viunzi.

Zijue mbio za mita 400 kuruka viunzi

Mbio hizi ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja. Mkimbiaji huruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4 kwa wanaume. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi mwisho wa mbio ni mita 40. Ukijumlisha utapata mita 400.

Ugumu wake ni huu: kasi peke yake haitoshi. Mkimbiaji lazima ahesabu hatua zake ili afike kwenye kila kiunzi akiwa na mguu sahihi mbele. Anapochoka, hatua hufupika, hesabu huharibika, na mguu usiozoea hulazimika kutangulia. Wengi hupoteza mbio hapo. Akii-Bua alijizoeza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo hesabu yake ilipobadilika kwa uchovu, mwendo wake haukukatika.

Kupanda ngazi

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza wa nne katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi, nafasi isiyo na medali. Wengine wangerudi nyumbani wakilalamika. Yeye na Arnold walirudi na hesabu ya kilichopungua.

Mwaka uliofuata alikimbia nchini Marekani, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani yaliyofanyika Durham, North Carolina. Muda wake ulikuwa sekunde 49.0. Baada ya hapo wanaofuatilia riadha duniani walianza kuulizana huyu Mganda ni nani.

Maandalizi ya Olimpiki ya 1972 yalikuwa ya kutisha. Alivaa fulana iliyotiwa uzito wa kilo zipatazo 11 na kukimbia masafa marefu huku akiruka viunzi virefu vya mbio za mita 110, ambavyo vina kimo cha sentimita 106.7. Alikimbia pia kwenye vilima. Fikra ya mazoezi hayo ilikuwa rahisi: siku ya mashindano, fulana ikivuliwa na viunzi vikishushwa, mwili uone kazi imekuwa nyepesi.

Munich, 1972

Michezo ya Olimpiki ya 1972 ilifanyika Munich, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Bingwa mtetezi wa mita 400 kuruka viunzi alikuwa David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 aliyoiweka Mexico mwaka 1968. Ralph Mann wa Marekani naye alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda. Uganda hadi siku hiyo ilikuwa na medali mbili tu za Olimpiki, zote za ndondi, fedha na shaba, zilizopatikana mwaka 1968. Dhahabu haikuwa nayo.

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kwa mruka viunzi mwenye miguu mirefu hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu kona zake ni kali na mwili huvutwa nje. Faida yake ni moja tu: kwa kuwa kila njia ya nje huanzia mbele kidogo ili kusawazisha umbali, aliye njia ya kwanza huwaona wapinzani wote mbele yake.

Bunduki ilipolia, Hemery alitoka kwa kasi kubwa na kuongoza nusu ya kwanza ya mbio. Akii-Bua hakuharakisha. Alishika hesabu ya hatua zake, na katika kona ya mwisho, pale ambapo wengine walianza kufupisha hatua, yeye aliendelea kama mwanzo. Alimfikia Hemery, akampita, na kuingia katika mita za mwisho akiwa peke yake. Saa ilionyesha sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia, na mara ya kwanza kwa binadamu kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52.

Hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akirukaruka kana kwamba viunzi bado viko mbele yake, huku umati ukimshangilia. Uganda ilikuwa imepata dhahabu yake ya kwanza. Naye alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800.

Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, watu wenye silaha walivamia makazi ya wanamichezo wa Israeli katika kijiji cha Olimpiki. Waisraeli 11 walipoteza maisha. Furaha ya Munich ikageuka msiba, na ushindi wa polisi wa Uganda ukafunikwa na habari hizo.

Shujaa katika nchi ya hofu

Ili kuelewa maisha ya Akii-Bua baada ya hapo, ni lazima kuijua Uganda aliyorudi. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alikuwa amempindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua pia alikuwa Mlango. Mara baada ya mapinduzi, askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa katika kambi za jeshi kwa sababu ya kabila lao. Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Wiki mbili baada ya mbio za Munich, wafuasi wa Obote waliokuwa uhamishoni Tanzania walijaribu kuivamia Uganda na kushindwa, na msako dhidi ya watu wa kaskazini ukazidi.

Katika hali hiyo Mlango mmoja alishuka uwanja wa ndege akiwa na medali ya dhahabu shingoni. Amin alimpokea kwa heshima. Alipandishwa cheo katika polisi na kupewa nyumba. Barabara moja jijini Kampala inaitwa kwa jina lake hadi leo, na mjini Lira uko uwanja wa michezo wenye jina hilo.

Zawadi hizo zilikuwa na upande wa pili. Serikali iliyokuwa ikiwaua Walango sasa ilikuwa na Mlango wa kuuonyesha ulimwengu, kama ushahidi kwamba hakuna anayeonewa. Akii-Bua hakuchagua kazi hiyo. Alikuwa polisi na alitii amri. Ndugu zake ni miongoni mwa waliouawa katika miaka hiyo. Yeye mwenyewe aliishi akijua kwamba jina lake linamlinda leo na linaweza kumponza kesho.

Pamoja na hayo aliendelea kukimbia. Januari 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, Nigeria, kwa muda wa sekunde 48.54. Lakini mwanariadha wa kiwango chake huhitaji kushindana na walio bora mara kwa mara, naye hakuwa tena na uhuru huo kama wenzake wa nchi nyingine. Malcolm Arnold pia alikuwa ameondoka Uganda.

Mwaka 1976: mbio ambazo hazikukimbiwa

Olimpiki iliyofuata ilikuwa Montreal, Kanada, mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe kwenye michezo. Dai hilo lilipokataliwa, nchi karibu 30, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia. Uganda ilikuwa mojawapo, na Tanzania pia. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, naye alikosa Montreal kwa sababu hiyohiyo.

Mbio za mita 400 kuruka viunzi zilishindwa na kijana wa Marekani, Edwin Moses, aliyeivunja rekodi ya Akii-Bua kwa chini ya robo sekunde. Rekodi ya Munich ilikuwa imedumu karibu miaka minne. Akii-Bua na Moses hawakupata kupimana katika fainali ya Olimpiki.

Mwanafunzi atambue kwamba hapa kuna hoja mbili, na zote zina uzito. Kupinga ubaguzi wa rangi lilikuwa jambo la haki, na hatua kama hizo zilisaidia kuutenga utawala wa makaburu. Lakini gharama yake ililipwa na watu wachache ambao umri wao wa kukimbia hausubiri miaka minne mingine. Jibu zuri la mtihani hutaja pande zote mbili.

Vita na ukimbizi

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera nchini Tanzania. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, lilijibu mapigo na kusonga mbele hadi Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kwa Watanzania hiyo ilikuwa vita ya kumng'oa nduli. Kwa familia nyingi za Uganda ilikuwa ukombozi.

Kwa Akii-Bua ilikuwa pia hatari. Kwa upande mmoja, askari wa Amin waliokuwa wakikimbia hawakuwa na huruma kwa Mlango. Kwa upande mwingine, waliokuwa wakiingia wangeweza kumwona ofisa wa polisi aliyepewa nyumba na cheo na Amin, wakamhesabu kuwa mshirika wake. Medali iliyomlinda kwa miaka saba sasa ingeweza kuwa ushahidi dhidi yake. Alichukua familia yake akavuka mpaka kuingia Kenya.

Huko hakupokewa kama bingwa. Alipelekwa katika kambi ya wakimbizi, mtu mmoja miongoni mwa wengi waliokimbia. Mtu ambaye uwanja mzima wa Munich ulisimama kumshangilia sasa alisubiri msaada kama wengine.

Waliomtoa humo hawakuwa serikali wala shirikisho la michezo. Ilikuwa kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa. Ilimchukua pamoja na familia yake na kumpa kazi nchini Ujerumani Magharibi. Makao makuu ya kampuni hiyo yako Herzogenaurach, katika jimbo lilelile la Bavaria ambamo Munich ipo. Alirudi karibu na mahali aliposhinda, safari hii akiwa mkimbizi.

Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 30, na misukosuko ya miaka iliyotangulia ilikuwa imemla. Hakufika fainali. Hata hivyo, kuonekana kwake mstari wa kuanzia, akiwa na jezi ya nchi aliyolazimika kuikimbia, kulikuwa na maana kwake na kwa Waganda.

Kurudi nyumbani

Baada ya miaka mitatu au minne ya kufanya kazi Ujerumani, Akii-Bua alirudi Uganda. Angeweza kubaki Ulaya, ambako alikuwa na kazi na usalama. Alirudi katika nchi iliyokuwa bado na vita, katika polisi ileile iliyomlea, na akashika kazi ya ukocha. Vijana aliowafundisha hawakuwa na vifaa vingi, lakini walikuwa na mwalimu aliyejua kiunzi kwa kovu la usoni.

Miaka hiyo haikumpa utajiri wala shangwe. Mkewe alifariki kabla yake, na yeye akabaki mgane mwenye watoto wengi wa kulea. Wageni wachache waliomtafuta ili kusikia habari za 1972 walimkuta mtumishi wa umma wa kawaida.

John Akii-Bua alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Aliacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa mazishi ya kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012 ndipo ikapata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni huko London. Ilikuwa imepita miaka 40.

Hitimisho

Maisha ya Akii-Bua yanatufundisha kwamba sifa ya mwanamichezo ni kitu ambacho wengine huweza kukitumia: mtawala akitafuta jina zuri, kampuni ikitafuta soko, hata taifa likitafuta fahari. Kisichoweza kuchukuliwa ni kazi aliyoifanya mwenyewe. Rekodi yake ilivunjwa, nyumba na cheo alivipata na kuviacha, lakini ustadi ulimrudisha kwenye kiwanja akiwa mwalimu. Yanatufundisha pia kwamba nchi inayomsherehekea mtu siku ya ushindi ina deni kwake katika miaka inayofuata. Mazishi ya heshima ni jambo jema, ila hayalipi deni hilo, kwa sababu anayedai hayupo tena kulipokea.

Mfuatano wa matukio

- 1949: Anazaliwa Abako, kaskazini mwa Uganda.
- 1968: Malcolm Arnold anakuwa kocha wa taifa.
- 1970: Anakuwa wa nne, Edinburgh.
- 1971: Idi Amin anatwaa madaraka. Akii-Bua anakimbia sekunde 49.0, Durham.
- 1972: Dhahabu na rekodi ya dunia, Munich, sekunde 47.82.
- 1973: Dhahabu, Michezo ya Afrika, Lagos.
- 1976: Uganda inasusia Montreal. Moses anavunja rekodi.
- 1979: Amin anaanguka. Akii-Bua anakuwa mkimbizi Kenya, kisha Ujerumani Magharibi.
- 1980: Anashiriki Olimpiki ya Moscow.
- 1997: Anafariki Kampala.

Msamiati

- *Kiunzi*: kizuizi kinachorukwa na mkimbiaji.
- *Kususia*: kukataa kushiriki jambo ili kuonyesha kupinga.
- *Mgane*: mwanamume aliyefiwa na mke.
- *Mtu wa ridhaa*: anayeshiriki mchezo bila malipo.
- *Ufito*: mti mwembamba mrefu.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini wanariadha wengi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960 walikuwa askari? (Alama 2)
2. Eleza tofauti kati ya mchango wa Jorem Ochana na wa Malcolm Arnold katika mafanikio ya Akii-Bua. (Alama 4)
3. Njia ya kwanza ilikuwa na hasara gani na faida gani kwa Akii-Bua? (Alama 2)
4. Kwa nini Akii-Bua aliihofia pande zote mbili za vita ya 1979? (Alama 4)
5. Jadili uamuzi wa nchi za Afrika kususia Olimpiki ya 1976. Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga. (Alama 8)
6. Fupisha sehemu ya "Vita na ukimbizi" kwa maneno yasiyozidi 80. (Alama 5)
7. Mtafute katika kata yako mtu mzima aliyepata kuwa mchezaji hodari, mchezo wowote. Andika wasifu wake kwa maneno 300, na angalau nusu ya maneno hayo ihusu maisha yake baada ya kuacha kucheza. (Alama 15)

*Dokezo la swali la 4:* Usiishie kusema kwamba aliogopa kuuawa. Onyesha jinsi kabila lake lilivyomweka hatarini kwa upande mmoja, na jinsi heshima aliyopewa na Amin ilivyomweka hatarini kwa upande wa pili. Kila upande una alama 2.